Nilisema Nimefiwa na Mdogo Wangu, Kumbe ni Mbwa

Kosa ni langu na sitamsingizia shetani. Nilimuua mbwa wangu kwa kumpenda, kisha nikawadanganya wenzangu kuhusu marehemu ni nani. Sijawahi kulisimulia hili lote kwa mtu mmoja, kwa hiyo nivumilieni.

Mimi ni mwalimu. Kwetu ni bara, ila nafundisha sekondari huku Bungu, wilaya ya Kibiti. Nilikuwa naishi kwenye nyumba ya kupanga, mimi na Gervas. Gervas alikuwa mbwa wa kahawia, mrefu, kifua kama pipa. Jina hilo nilimpa kwa sababu tangu mdogo alikuwa na uso wa mtu anayejaribu kukumbuka jambo muhimu.

Jumapili moja nilitoka kwenye sherehe ya kipaimara na nusu ndoo ya pilau iliyobaki. Friji sina. Nikamwekea yote. "Leo baba, kula mpaka uchoke."

Akala yote. Akashushia na beseni zima la maji. Mimi nimesimama pale naona raha kama mama mkwe.

Hata robo saa haijapita nikapanda baiskeli, nikamkimbiza mpaka kwenye mikorosho ya njia ya Mtunda na kurudi, eti chakula kishuke.

Tulivyorudi tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma. Anazunguka uani, hakai, anajikamua kutapika lakini hakitoki kitu ila povu. Na mimi, jamani, nilicheka. Nikampiga picha, nikamtumia dada yangu na maneno haya: "Gervas kashiba." Ile picha bado ninayo kwenye simu. Siwezi kuifuta, na kuitazama siwezi.

Alipoanguka na kuanza kuhema ndipo nikampigia bwana mifugo, yuko Kibiti mjini. Hakunisikiliza hata nikamaliza. "Mlete sasa hivi. Hilo tumbo limejipinda."

Nikaita bodaboda. Tukampakia katikati, nimemkumbatia kwa nyuma kama mchumba. Hatujafika hata nusu ya njia, dereva akageuza shingo.

"Kaka, huyu abiria wako mbona kanyamaza?"

Bwana mifugo alimgonga ubavuni kwa vidole, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba mbwa wa kifua kirefu akila sana kwa mkupuo mmoja kisha akakimbizwa, tumbo linaweza kujaa hewa na kujisokota, na likishajisokota ni saa chache tu. "Usijilaumu sana," akasema. Nikajilaumu sana.

Nilimzika nyuma ya nyumba kabla jua halijazama. Asubuhi macho yalikuwa yamevimba hata ubao nisingeuona, nikampigia mkuu wetu wa shule, mama mmoja mpole ambaye sote tunamwita Madam.

"Madam, nimefiwa."

"Pole sana, baba. Na nani?"

"Gervas."

"Gervas ni nani yako?"

Hapo ndipo pa kusema mbwa. Mdomo ukakataa. Nikasema, "Nilikuwa naishi naye."

"Mdogo wako?"

"Ndiyo, Madam."

Akanipa siku tatu. Nikajilalia zangu, nikijua yameisha.

Alasiri nikasikia pikipiki. Nachungulia, walimu tisa. Wamebeba mikeka, mchele, sukari, na sufuria kubwa ya shule. Mbele kabisa ni Madam, kajitanda kanga. Walimu wa kike wakaenda moja kwa moja kuwasha moto. Wanaume wakaketi mkekani na mimi katikati.

Mwalimu Shabani, wa hisabati, ndiye aliyeanza. "Ameacha watoto?"

Nikajibu bila kufikiri. "Wengi."

"Wako wapi sasa?"

"Wametawanyika. Wengine wako pale sokoni."

Watu wakasikitika. Mmoja akafuta macho. Shabani akaendelea, "Alikuwa na umri gani?"

"Minne."

"Arobaini na minne?"

"Minne tu."

Mtu wa hisabati huwezi kumpitisha hapo. Akaniangalia, akauliza taratibu maziko yatakuwa wapi. Nikasema tumeshazika, hapo nyuma.

"Umemzika mdogo wako nyuma ya nyumba ya kupanga? Peke yako?"

Madam akatoa simu kumpigia mwenyekiti wa kijiji. Nikaona naenda kukamatwa.

"Ni mbwa, Madam," nikasema. "Gervas ni mbwa."

Shabani alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Wengine wakamfuata. Mchele ulikuwa umeshachemka, kwa hiyo walikula, ila sukari waliondoka nayo.

Madam hakucheka. Alinisogeza pembeni. "Hii kanga ndiyo niliyomlilia kaka yangu mwezi wa pili," akasema. "Sikuigusa tena mpaka leo. Ungeniambia ni mbwa, ningekupa ruhusa na pole juu. Sasa pole umeichukua kwa wizi."

Nimeomba radhi kwa mdomo na kwa barua. Amenisamehe, lakini nilipougua malaria kweli alimtuma mtu aje anishike paji la uso. Wanafunzi wananiita Mfiwa.

Mwezi uliofuata Shabani alipita kwangu. Kwa imani yake hagusi mbwa, na Gervas alikuwa akimtimua kila akikatiza uani. Alisimama mbali kidogo na lile kaburi, mikono nyuma. "Siku hizi napita polepole," akasema. "Nimegundua sijazoea." Hiyo ndiyo pole pekee niliyoipokea kihalali.

Basi wewe unayefuga, mgawie chakula kidogo kidogo, na akishakula mwache alale. Ukiona tumbo limevimba na anatapika hewa, usicheke, kimbia naye. Na akikufia, sema ni mbwa. Mimi zile siku tatu nilizopewa nilimlilia Gervas kwa vipande, maana kila nikisikia pikipiki nilikuwa nafuta machozi na kujificha chini ya kitanda, nikidhani wamerudi na sufuria.