Chumba Walichonipangia Kayole

Damu yangu haigandi upesi. Nilizaliwa hivyo. Nikigonga kona ya meza, mahali hapo panavilia damu na kubaki peusi wiki nzima, na pua ikianza kutoka damu inachukua muda kunyamaza. Mama yangu alinionya tangu utotoni nisiitangaze habari hiyo, kwa sababu mtaani ukisema una ugonjwa wa damu, watu wanasikia ugonjwa mwingine. Kwa hiyo pale Mbotela, mtaa tuliohamia baada ya kuoana, aliyejua ni mume wangu peke yake.

Yeye ni fundi katika karakana ya reli, mtu wa maneno machache na uso mgumu. Kila nikitoka alikagua viatu vyangu, viwe vya kufunika vidole na visiwe vya kisigino. Alitaka nivae mikono mirefu, nibebe kadi ya daktari kwenye pochi, nisikae karibu na mlango wa gari. Kisha alikuwa akipiga simu kuuliza nimekaa wapi, nimekaa na nani, na nisithubutu kucheza. Tulizoea hivyo. Sikuwahi kufikiria maneno hayo yanasikikaje kwa mtu aliyekaa kando yangu.

Akina mama wa kanisa walipopanga safari ya kwenda kupumzika nje ya mji, nilianza kuona mambo nisiyoyaelewa. Nikiingia kikaoni mazungumzo yalikatika. Mwenyekiti wetu, mama wa makamo anayeuza mitumba kando ya Jogoo Road, alikuja nyumbani mume wangu akiwa kazini na kunihimiza nisikose. Aliniambia nibebe kitambulisho na nguo za kubadilisha, eti mvua haina adabu. Mwenzake aliyefuatana naye akauliza kama funguo za nyumba tunazo wote wawili. Usiku ule sikupata usingizi. Nilidhani wamegundua ugonjwa wangu na wanataka kunipeleka kwa waombezi, au kunitoa kwenye kikundi mbali na nyumbani nisije nikawaaibisha.

Tulikwenda kwa basi la shule tulilolikodi. Huko bustanini walivuta kamba, wakakimbia na yai juu ya kijiko. Nilikaa kivulini na kusingizia mguu. Mume wangu alinipigia simu mara kwa mara, na kila nilipojibu kwa sauti ya chini niliwaona wakitazamana. Hata chai niliyoletewa niliinusa kwanza, ndivyo nilivyokuwa nimewashuku.

Mchana jua lilipokaza, pua ilianza. Niliinama mbele na kuibana, kama nilivyofundishwa, mpaka ikatulia. Mwenyekiti akaja na maji, akanikunjia mkono wa sweta lililorowa damu. Juu ya kiwiko palikuwa na alama nyeusi upana wa kiganja, niliyoipata kwa komeo la lango letu. Aliitazama, akaurudisha mkono wa sweta taratibu. Mama mwingine alinipa vidonge vya maumivu. Nikakataa, kwa kuwa viko vya aina inayozidisha kutoka damu na sikujua vile ni vipi. Nilimwambia tu kwamba mzee wangu hataki nivimeze. Nikaona uso wa yule mama ukibadilika.

Wakati wa kurudi, basi halikushika njia ya nyumbani. Lilipinda kuelekea mtaa wa Kayole. Niliuliza tunakwenda wapi, wakaanza wimbo. Nikashika kishikizo cha kiti kwa mikono miwili. Basi likasimama mbele ya jengo la ghorofa lenye nguo zilizoanikwa kila roshani. Mwenyekiti akaja kukaa kando yangu, akanitia ufunguo mkononi.

"Dada, chumba kiko hapo juu, na godoro limo," alisema. "Hapa hatakupata."

Ilinichukua muda kuelewa ni nani asiyetakiwa kunipata. Nilipoelewa nilimwambia mume wangu hajawahi kuniinulia mkono. Mama mmoja akajibu kwa upole kwamba kila mtu huanza kwa kusema hivyo. Nikatoa kadi ya daktari, ikapita mikono miwili mitatu, lakini hakuna aliyeitazama kama kitu cha kuaminika.

Hapo simu ikaita. Nilifungua sauti wasikie.

"Pua imeacha?" mume wangu aliuliza, kwa kuwa mchana nilikuwa nimemwambia.

Mwenyekiti akaichukua simu. Alimwambia yeye ni nani, kisha akamuuliza mke wake anaumwa nini. Mume wangu akanyamaza. Nilijua anatunza siri niliyomwapisha kuitunza, lakini kila aliyekuwa kwenye basi aliusikia ukimya ule kwa namna yake.

"Muulize mwenyewe," alisema hatimaye.

"Waambie," nikasema. "Waambie yote."

Akawaambia. Alieleza jinsi nilivyotoka damu siku nzima baada ya kung'olewa jino, jinsi alivyofunga sifongo kwenye kona za meza, kwa nini hunikataza vidonge fulani. Alisema polepole, kwa Kiswahili cha kwao magharibi mwa nchi, kama anayesomea watu wosia. Alipokata simu, mwenyekiti alijifuta macho kwa leso na kuniomba radhi. Mimi bado nilikuwa na hasira.

Kutoka kiti cha nyuma, mama aliyekuwa amecheka kuliko wote siku ile, aliyeshinda mbio za yai, akasimama na kunyoosha mkono.

"Kama yeye hakihitaji," alisema, "nipeni mimi huo ufunguo."

Hakuna aliyemuuliza maswali. Nilimpa, na nguo zangu za kubadilisha nikampa pia, kwa kuwa yeye hakuwa amebeba kitu. Wawili walishuka naye. Sisi wengine tulirudi Mbotela.

Sasa kikundi chote kinajua habari ya damu yangu, na tukienda safari kuna anayenishikia kiti. Lakini wako wachache ambao mume wangu akiwasalimu humwitikia wakitazama mikono yake kwanza. Yeye huwasalimu vilevile. Na nyumba anayoishi yule mama huko Kayole, hatuitaji kwa mtu yeyote.