Hodi ya Mkaguzi wa Leseni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkufunzi alitukalisha watu kumi na mmoja katika chumba kisicho na dirisha akatuuliza: "Mkisimama mlangoni mwa mtu, ninyi ni nani?" Mimi mwenye shahada ya falsafa niliinua mkono nikasema kwamba swali hilo lina utata. Mkufunzi akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyejitibu mwenyewe.

"Halina utata wowote. Ninyi si lolote. Hamna haki ya kuingia mpaka mwenye nyumba aruhusu. Akisema ondokeni, mnaondoka."

Niieleze kazi yenyewe, maana nyinyi vijana mnaotazama kila kitu kwenye simu huenda hamjui kama iko. Uingereza, ukitazama matangazo ya televisheni muda uleule yanaporushwa, lazima uwe na leseni, hata kama chaneli unayotazama si ya shirika la taifa linaloendeshwa kwa ada hiyo. Usipokuwa nayo, ni kosa la jinai. Mkaguzi ndiye anayetumwa kwenye anwani zisizo na leseni. Anaonyesha kitambulisho, anaeleza kilichomleta, anaomba kuingia. Akikuta televisheni inaonyesha matangazo, kabla ya swali lolote anamsomea mwenye nyumba onyo, yaani kumwambia kwamba halazimiki kujibu na kwamba atakachosema chaweza kufikishwa mahakamani. Hapo ndipo anapojaza hati ya mahojiano, na mwenye nyumba anatia sahihi. Mpangilio ni huo, na atakayeuruka atajuta.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Rayners Lane, kitongoji cha London. Wenye maduka karibu na stesheni walinipokea kwa heshima kubwa na kuniambia kwamba mwenye nyumba yuko safarini. Nadhani mwaka ule nusu ya Rayners Lane ilikuwa safarini. Kutoka hapo nilihamishiwa mitaa ya Edgware Road, kwenye nyumba za wageni wa Ghuba waliokuja kwa miezi miwili ya joto na ambao hawakujua flati zao zina vyumba vingapi, sembuse televisheni.

Huko nilianza kuona jambo ambalo halikuwamo kwenye mafunzo. Mchana, mlango hufunguliwa na nani? Mtu wa benki yuko benki. Mwanasheria yuko kortini. Anayefungua ni mama mwenye mtoto mchanga, ni mgonjwa, ni mlezi wa wazee aliyetoka zamu ya usiku. Ada ni moja kwa tajiri na maskini, hilo linajulikana. Lakini hata kukamatwa hakukuwa sawa, kwa sababu sisi tulimkamata aliyekuwepo.

Nikamweleza Msimamizi wa Eneo. Yeye alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mkazi wa Kenton, na Kiswahili chake alikitoa kwenye duka la baba yake.

"Wewe msomi, wacha nikuulize," alisema. "Hii kitu ni kama kisima cha mtaa. Kila mtu anachota, kila mtu achange."

"Na asiyekunywa maji yake?"

"Redio husikizi? Habari husikizi? Watoto wako hawakuona zile katuni zao bila matangazo ya peremende? Ukiwaambia watu walipe wakitaka, nani atalipa? Wewe?"

Nilikubali nusu, na si kwa sababu ya woga tu. Utotoni kwetu Unguja, baba yangu alisikiliza habari kwa Kiswahili kutoka London kila jioni, na ole wake aliyekohoa. Tulichota bure. Nilipovaa kitambulisho cha ukaguzi ndipo nilipofahamu ni nani alikuwa akitulipia, mjane fulani wa Rayners Lane, kwa kodi yake kama si kwa ada. Basi nikaendelea na kazi, nikijiona mtu mwenye dhamiri iliyosumbuka, cheo ambacho hakina mshahara lakini kina raha yake.

Mpaka ikaja siku ya Bi Raya.

Nilikuwa nimemaliza wiki tatu bila hati hata moja, na Msimamizi aliamua kufuatana nami anipime. Garini hakusema mengi. "Leo nataka kuona unafanya kazi," alisema, kisha akawasha kipangusa kioo ingawa mvua haikuwepo. Anwani ya nne ilikuwa flati ya ghorofa ya tatu, nyuma ya Edgware Road, na aliyelipia leseni pale mara ya mwisho alikuwa mwanamume mwenye jina la Kipemba. Msimamizi alibaki kutafuta pa kuegesha. Mimi nikapanda ngazi peke yangu.

Nusura nibonyeze kengele. Badala yake, sijui ni shetani gani, nikapiga hodi, kwa lafudhi ya nyumbani, kama niliyetumwa na mama kuomba chumvi.

"Karibu! Karibu mwanangu, pita, mlango u wazi."

Nikavua viatu. Kitambulisho kilikuwa ndani ya koti, na koti Bi Raya alilipokea kabla sijakaa. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, bado na sare ya kulelea wazee, kanga mabegani. Chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, ikaja na vileja vya moto, vile vibiskuti vyetu vya unga wa mchele. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia, akamtambua shangazi yangu. Kisha akaona nimekaa kimya, maana nilikuwa natafuta namna ya kuanza, akachukua rimoti.

"Usikae mpweke mwanangu. Mimi siiangalii, ilikuwa ya marehemu. Nakuwashia wewe."

Farasi wakatokea kwenye kioo, mbio za moja kwa moja, mtangazaji anapiga kelele.

"Marehemu ndiye aliyekuwa akilipa leseni?" nikauliza. Swali lilinitoka lenyewe, onyo sijalisoma.

"Ndiye. Tangu afe zinakuja barua, zimeandikwa kwa mkazi halali. Mimi karatasi zangu za uraia ndiyo kwanza nazipeleka mwezi ujao, nikasema basi huyo mkazi halali si mimi." Akacheka. Sikumbuki kama nilicheka.

Ndipo nikasikia viatu kwenye ngazi. Msimamizi alisimama mlangoni, akatazama farasi, akatazama vileja, akanitazama mimi na soksi zangu.

"Naona TV inafanya kazi," akasema kwa Kiswahili, taratibu. "Hati iko wapi?"

Bi Raya akamkaribisha naye. Hakuelewa bado. Nilikwenda kulichukua koti langu, nikatoa kitambulisho, nikamwonyesha, nikasoma onyo kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. Msimamizi aliangalia saa. Nilijaza. Pale panapouliza kama onyo lilisomwa kabla ya maswali, nikaweka alama ya ndiyo.

Bi Raya alishika kalamu. "Hii haitagusa karatasi zangu za uraia?"

Nilijua fomu ya uraia inauliza kuhusu kesi na faini. "Haitagusa, Bi mkubwa," nikasema.

"Basi wewe ndiye unayejua Kiingereza," akasema, akatia sahihi. Tulipokuwa tukitoka, alinifungia vileja vilivyobaki.

Kwenye gari Msimamizi alinipiga begani. "Umeona? Inawezekana." Vileja vilikuwa magotini mwangu, bado vya moto.

Wiki kadhaa zikapita. Namba yangu Bi Raya aliipata kwa shangazi yangu, kwa hiyo mnaweza kufikiria ni wangapi walikuwa wameshajua. "Mwanangu," sauti yake kwenye simu ilikuwa ndogo, "ile karatasi yako imerudi. Imerudi na jina la mahakama. Mwanasheria anasema nisipeleke maombi mpaka iishe. Uliniambia haitagusa."

Usiku ule sikulala, na falsafa yangu yote haikunipa hata usingizi wa nusu saa. Ningeweza kumtetea kwa hoja kubwa, kwamba ada si ya haki, kwamba sheria inawawinda walio nyumbani. Mahakama isingejali. Kitu kimoja tu kingemsaidia, nacho kilikuwa kidogo na kilinihusu mimi. Asubuhi niliandika ukurasa mmoja: niliingia kwa hodi bila kujitambulisha, televisheni iliwashwa kwa ajili yangu, niliuliza kabla ya kusoma onyo, na nilidanganya kwenye hati.

Msimamizi aliusoma mara mbili akiwa amesimama.

"Ukipeleka hii unajifukuza mwenyewe."

"Najua."

"Na mimi nilikuwepo. Umefikiria hilo?"

"Ulifika baadaye. Nimeandika hivyo."

Alikaa. Akapitisha kidole kwenye jina lake. "Wewe ulitaka kumpa zawadi yule mama kwa kupiga hodi," akasema. "Ungemwonyesha kitambulisho mlangoni, angesema siku hizi siangalii, asante, kwaheri. Kazi ingekuwa safi. Yeye salama, wewe salama. Heshima ilikuwa ni ile sheria, msomi."

Hakuna aliyewahi kunipa mhadhara mfupi na sahihi kuliko ule.

Kesi ilifutwa. Nami nilistaafu, ingawa barua ya ofisi ilitumia neno refu zaidi. Leseni yangu bado nailipa. Ninaposikiliza habari jioni, nakohoa nitakavyo, na bado sijaamua kama ni haki kumlazimisha kila mtu achangie kisima. Nadhani kisima kinafaa kuwepo. Sidhani mjane anafaa kupelekwa kortini kwa ajili yake.

Bi Raya alipata uraia. Nilisikia habari hiyo kwa shangazi, nikanunua halua, nikapanda zile ngazi za ghorofa ya tatu. Safari hii mlango ulikuwa umefungwa.

"Hodi!"

Hatua, kisha mnyororo unaingia mahali pake. Mlango ukafunguka kwa upana wa vidole vitatu, na jicho la Bi Raya likanitazama mimi, halua, kisha koti langu.

"Kitambulisho kwanza, mwanangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikatia mkono mfukoni, nikaanza kutafuta kitu chochote chenye jina langu.