Mashine Iliyozimwa Jikoni

Kaka yangu ni seremala, na karakana yake ni chumba cha nyuma ya nyumba. Mashine yake ya kukerezea miguu ya meza iliungua swichi, naye akaunga nyaya moja kwa moja, akasema ni kwa muda tu. Muda wenyewe ukawa miaka. Waya ulipita dirishani hadi soketi ya jikoni, kwa hiyo swichi ikawa shemeji. Kaka akiita, "Washa," shemeji anachomeka plagi. Akiita, "Zima," anachomoa, mwiko bado mkononi.

Shida ilianza dada yake shemeji alipojifungua. Shemeji akaomba kwenda kumwona. Kaka akasema asubiri amalize viti vya mteja, maana akiondoka nani atawasha? Shemeji akanuna. Kuwasha akawa anawasha, ila kuzima ni mpaka amalize kukatakata vitunguu.

Asubuhi moja upindo wa aproni ya kaka ulinaswa na mashine, ukaanza kujiviringa. Nilikuwa pale napiga msasa. Nikamkamata kiuno, nikavuta upande wangu, mashine ikavuta upande wake.

"Zima," kaka akaita. Mashine ikaendelea kuzunguka.

"Mama watoto, zima basi." Aproni ikazidi kujiviringa.

"Mke wangu, nenda kwa dada yako hata leo!"

Mashine ikasimama. Shemeji akaja na plagi mkononi, uso umechangamka, akauliza kama ni kweli. Alipoona aproni imechanika mpaka kifuani, akakaa chini kwenye maranda. Alidhani ni makelele ya kila siku.

"Mimi si swichi," akasema taratibu. "Siku moja nitakuwa chooni, na wewe utakufa."

Mchana huohuo akamleta fundi umeme. Fundi akautazama ule waya wa dirishani, akauliza kama ni wa kuanikia nguo. Akauondoa. Akavuta laini ya mashine pekee kutoka kwenye bodi kuu, ikiwa na kikata umeme chake, akafunga waya wa ardhini kwenye chuma cha mashine, na kitufe chekundu cha kuzimia karibu na mkono. Kaka akanung'unika kwamba kitufe ni kikubwa kama kifuniko cha sufuria. Shemeji akakibonyeza mara kadhaa mashine ikizunguka, mpaka akaridhika.

Kesho yake akavaa viatu, akaaga, akaenda kwa dada yake. Kurudi lini hakusema.

Kaka akafanya kazi kwa raha mpaka adhuhuri. Akazima mashine mwenyewe, akajipangusa vumbi, akaniuliza kama najua kupika.