Besi ya Naftali

Naftali wa Mwankoko ni mkulima wa alizeti, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia anapiga besi. Anapiga kwenye kwaya mwaka wa kumi na tisa sasa, na muda wote huo gitaa lake limepitia kwenye kiboksi kimoja cha dijitali, kidogo kama kitabu cha nyimbo, ambacho kazi yake ni kuiga sauti za amplifaya za kila aina, zile mashine za kukuzia sauti ya gitaa. Kitufe kimoja kiling'oka zamani. Anazungusha kijiti kilichobaki kwa koleo.

Kiboksi hicho kilikuwa na maneno! Kila baada ya mazoezi wapigaji walikaa benchini kukibishania.

"Mzee, sauti yake ya plastiki," alisema Elisha, fundi simu wa mjini, anayepiga besi pia na anajua kuipiga.

"Plastiki gani wewe? Vya siku hizi ndiyo havina ladha," alijibu Peniel wa kinanda.

Kutoka hapo wakaingia kwenye wapiga besi. Elisha akatoa simu, akawaonyesha jamaa anayezipiga nyuzi kwa dole gumba, mbio mbio. Naftali akaguna.

"Huyo anafanya sarakasi. Mimi nampenda yule bwana wa bendi ya Itigi aliyeniuzia hiki. Noti nne tu, ukumbi mzima unainuka."

"Noti nne!" Elisha akacheka mpaka akashika mbavu.

Basi, kwaya ikanunua kiboksi kipya kwa ajili ya kurekodi. Kizuri, kinang'aa. Naftali akachomeka, akapiga, na jamani, akawa anawahi! Noti yake inatangulia ngoma, kila wimbo. Martina, mwalimu wa kwaya, akasimamisha mara tatu.

"Baba, unawahi."

Naftali hakulala vizuri wiki hiyo. Akipalilia, anahesabu mapigo kwa mguu. Aliogopa, tena aliogopa kweli, kwamba masikio yamezeeka na hakuna dawa.

Jumamosi akawahi tena. Martina aliinamisha macho.

"Nisamehe, baba. Tunarekodi Jumatano. Elisha ndiye atapiga."

Iliuma. Angeweza kugomba, umri unamruhusu, ila aliomba kitu kimoja tu: apige wimbo mmoja wa mwisho kwa kiboksi chake cha zamani, halafu akae. Nani angemkatalia?

Akapiga. Lo! Noti zikatua pale pale kwenye ngoma, hakuna hata moja iliyotangulia. Kina mama wa sauti ya kwanza wakaanza kuyumba bila kuambiwa. Wimbo ulipokwisha Martina alibaki ameshika kiuno.

"Sasa kule kuwahi kulikuwa nini?"

Elisha alikunja uso. Akaomba gitaa, akapiga wimbo ule ule kwa kiboksi kile kile cha zamani, na yeye, kijana wa mbio mbio, akachelewa. Akarudia, akachelewa tena. Akagusa uzi mmoja, akatega sikio kwenye spika.

"Kinachelewa!" alipiga kelele. "Unagusa, chenyewe kinafikiri kwanza ndiyo kitoe sauti! Mzee, hukuwahi kukosea. Miaka yote umekuwa ukiwahisha vidole ili sauti ifike kwa wakati. Hiki kipya hakichelewi, ndiyo maana ukikitumia unatangulia ngoma."

"Mimi sikujua," alisema Naftali. "Vidole ndivyo vilijua."

Akakaa kwenye benchi, akacheka mpaka machozi. Martina akasema Jumatano atarekodi yeye, na kiboksi chake. Elisha hakubisha, alikuwa bado anajaribu kukiwahi kile kidude na kinamshinda.

Nyumbani mkewe Yasinta alimkuta ameketi jikoni, gitaa mapajani.

"Leo umekuwaje?"

"Wiki nzima nilidhani nimekwisha, mama Lucy," alisema, na hapo ndipo akalia.