Kadi ya Sikio

Mwalimu Stella ni mtu wa Singida. Alipopewa darasa la kwanza hapa kijijini kwetu Matiri, aliwakuta watoto wetu wanaongea Kimatengo tupu, na yeye hajui hata salamu. Basi akakata maboksi ya sabuni, akachora kadi. Mlango ni kuomba kutoka nje, kikombe ni uji, sikio ni kusikiliza. Akiinua sikio, darasa zima kimya. Asiyejua Kiswahili anajibu kwa kadi. Ni mwalimu mzuri, siwezi kumsema vibaya.

Ila siku alipotuma mtoto kuniita shuleni, kwamba Luisa wangu arudi darasa la awali kwa kuwa hashiki kitu, weee! Nilipandwa na hasira. Luisa huyu anayejua mbuzi wa kila jirani? Niliacha jembe shambani, nikatimua mbio mpaka shuleni, hata mikono sikunawa.

"Karibu, Mama Luisa."

"Asante, mwalimu. Huyo asiyeshika kitu ndiye nani?"

"Jionee mwenyewe, mama." Akapanga kadi mezani: baba, mama, jembe. "Luisa, baba analima. Weka jembe."

Luisa akaliweka kwenye kadi ya mama. Mwalimu akalirudisha kwa baba. Luisa akalihamisha tena.

"Unaona? Kila siku hivi hivi."

Jamani! Sisi tunalima ngoro, vishimo vilivyojaa mlima mzima. Mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza, mwanamke ndiye anayeshika jembe kuzifukia. Baba Luisa akionekana na jembe ngoroni, watu watakuja kuuliza kama naumwa.

Nikafungua mdomo nimpashe. Luisa akaniwahi. Akachukua kadi ya sikio, akaiinua juu, akamwonyesha mwalimu, kisha akanionyesha na mimi. Tukanyamaza wote wawili, watu wazima.

Akanishika mkono, akaukandamiza juu ya kadi ya jembe.

"Mama analima," akasema. Kwa Kiswahili kabisa.

Mwalimu Stella akautazama mkono wangu, udongo mpaka kwenye kiwiko. Akakaa kwenye dawati la watoto.

"Na baba, Luisa?" akauliza polepole.

"Baba nyasi." Akafyeka hewani kwa mkono.

Nilitaka kucheka, machozi yakanitoka. Mwalimu akalisogeza jembe kwa mama kwa mkono wake mwenyewe, akamwomba Luisa kalamu ili amchoree baba nyasi. Habari ya kurudi awali hatukuisikia tena.