Ungo Nilioshikishwa

Kabla hujaniuliza, mimi si mchawi. Nasema mapema kwa sababu nimechoka. Nikitaja tu kwamba natoka Sumbawanga, mtu anacheka, halafu anavuta mguu nyuma kidogo, halafu anauliza kama ni kweli kwetu radi inapigwa mchana kweupe bila wingu. Nazijua hadithi hizo. Zamani hata mimi zilinichekesha, na ndizo zilizotulisha Mbeya tulipokuwa wasichana watatu wenye kundi la muziki.

Tulianzia kwaya ya kanisani, mtaani kwetu Malangali, Sumbawanga mjini. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila duka lina redio kaseti, mitumba imemwagika sokoni, na kila msichana mwenye koo anataka kuwa msanii. Mimi nilikuwa na mdomo tu. Wa pili alikuwa binti wa Kisukuma, ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe zao kule bondeni, upande wa Muze, naye akaletwa mjini kwa shangazi yake asome. Huyo alijua kucheza. Wa tatu ni mwenzangu wa Mollo, kijiji cha jirani, mtoto wa wakulima kama mimi, na huyo ndiye aliyekuwa na sauti. Sijui niieleze vipi. Akianza kuimba, mtu anayepepeta ulezi anasimamisha mikono. Tulifanya mazoezi kwenye ghala la baba yangu miezi ile mahindi yakiwa yamekwisha, maana ghala tupu linarudisha sauti, na yeye alipenda kuisikia yake ikimrudia. Mimi nilipenda kumwangalia akiisikia. Tumezaliwa msimu mmoja wa mavuno, tumeanza shule siku moja, na kwao nilikula kama kwetu.

Magauni meusi nayo yaliongelewa sana baadaye, kwa hiyo niseme. Sokoni hatukupata magauni matatu ya rangi moja. Tukanunua yoyote, tukayachemsha na rangi nyeusi kwenye sufuria la mama, nyuma ya jiko. Ndiyo siri yote. Mama aligomba kwa sababu ya sufuria lake.

Mfanyabiashara mmoja wa kaseti kutoka Mbeya alitusikia kwenye harusi. Aliisifu sauti ya mwenzangu, akatuangalia na zile nguo, akacheka peke yake.

"Nyie mabinti mnatoka Sumbawanga, halafu mnaimba mapenzi? Mapenzi anaimba kila mtu. Watu wanawaogopa bure. Sasa wawaogope kwa kiingilio."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Tukakubali, na yeye akawa bosi wetu.

Bosi akatupanga. Taa zizimwe kwanza. Tusitabasamu, tusisalimie watu. Mpiga kinanda atoe mlio wa radi, ndipo tuingie. Na kwa kuwa sauti yangu ilikuwa ya kawaida na miguu yangu mizito, mimi nikashikishwa ungo, maana nani asiyejua kwamba wachawi husafiri kwa ungo. Kazi yangu ilikuwa kusimama katikati, na kiitikio kikifika nimnyooshee mtu kidole. Yeyote. Nilijiambia sijawahi kuona ulaji rahisi namna hii.

Mbeya walitupenda. Vijana walipigana vikumbo mbele ya jukwaa, "sista, niroge mimi, niroge mimi," na nikimnyooshea mmoja anajitupa chini kwa makusudi. Tunduma palikuwa na kijana aliyekuwa akinicheka usoni. Nikamnyooshea, akaanguka. Wenzake wakacheka, wakamvuta mkono ainuke, kisha wakaacha kucheka. Walimtoa nje wamembeba, macho yake wazi. Bosi alisema ni pombe, na kesho yake akatuambia kijana ni mzima, anakunywa chai. Sisi hatukumwona. Bosi akatengenezesha mabango mapya, na safari hii picha ilikuwa yangu peke yangu na ungo.

Halafu ikaja Mpanda. Lilikuwa onyesho la mchana, msimu wa mvua. Mlio wa radi ukatoka kwenye kinanda kama kawaida, tukaingia. Ukatoka tena. Mara ya pili haikuwa kwenye mpango, nikageuka nimfokee mpiga kinanda, nikamkuta ameinua mikono yote miwili, hagusi kitu, ananitazama mimi. Umeme ulikuwa umekatika. Hata ile taa ndogo nyekundu ya kinanda ilikuwa imezima, na mlio bado unaendelea ndani ya spika, chini chini, mrefu. Ndipo radi ya kweli ikapiga nyuma ya ukumbi. Hakuna aliyeumia. Watu walitoka mmoja mmoja bila kusukumana, kimya, kama wanaotoka msibani.

Baada ya hapo kumbi zilijaa zaidi, lakini hakuna aliyepiga makofi. Nikiinua kidole, vichwa vinainama safu kwa safu. Tukienda kula, mama ntilie anasema, "Kuleni tu wanangu, msinilipe," huku amesimama mbali na mwiko wake. Binti wa Kisukuma alianza kuvaa hirizi chini ya gauni. Niliiona tukibadilisha nguo, nikamtania, "Unajikinga na nani, na watazamaji?" Hakucheka. Na kitanda tulichokuwa tukibanana watatu niliachiwa mimi peke yangu, wenzangu wakatandika mkeka chini. Walisema ni joto. Joto gani, Mbeya, mwezi wa sita?

Iliyotumaliza ni habari ya Dar. Bosi aliamua kumchukua mwenzangu wa Mollo peke yake akaimbe huko, na yeye akakubali. Hakuniambia, niliambiwa na bosi. Nilimkuta anakunja nguo zake, na lile gauni jeusi kaliacha ukutani.

"Kwa hiyo ndiyo umeamua?"

"Mwenzangu, na mimi nina maisha yangu."

"Haya, nenda. Utaona."

Mama yeyote wa nchi hii anamwambia mwanawe "utaona" kutwa nzima, na mtoto anaendelea kucheza. Lakini kwetu hulisemi neno hilo kwa mtu mzima ukiwa na hasira. Kikimtokea chochote, hata ng'ombe wake akivunjika mguu, utaitwa uje ueleze. Nilijua. Mdomo huponza kichwa, na wangu haujawahi kungoja ruhusa. Binti wa Kisukuma alijiziba mdomo wake kana kwamba yeye ndiye aliyelisema.

Dar hakufika. Wiki ile ile sauti ikamwondoka. Hakukohoa, hakuumwa koo, hakuwa na homa. Alifungua mdomo kuimba, ikatoka pumzi. Hospitali wakammulika wakasema koo safi kabisa. Bosi akatafuta wengine, binti wa Kisukuma akapanda lori la Muze bila kuniaga, na mimi nikarudi Malangali na ungo wangu kwa sababu hakuna aliyekubali kuushika.

Nikauza ulezi sokoni. Nilikuwa muuzaji pekee ambaye haombwi apunguze bei. Mchumba mmoja alinijia, wajomba zake wakamwita kikao, hakurudi. Hayo niliyameza. Lisilomezeka ni mwenzangu wa Mollo. Miaka ile yote alinong'ona tu, na akiniona njiani anavuka ng'ambo ya pili, ameshika khanga shingoni. Mimi niliyemfuta kamasi darasa la kwanza. Nililia sana, siwezi kudanganya. Nilitaka kitu kimoja tu: anitazame kama zamani.

Alasiri moja baada ya mavuno alikuja nyumbani kwetu na mama yake. Mama amebeba bakuli la maji. Akapiga magoti vumbini, mama yule aliyenilisha, akasema, "Mwanangu, mwachie mwenzio."

"Mama, inuka. Sijamshika."

Mwenzangu akasogea. Ilibidi niiname ndipo nimsikie.

"Nimeshakusamehe," alininong'oneza. "Niachie tu."

Kwetu mwenye kinyongo akitaka kukitua, huchukua maji kinywani, akayapuliza, akatamka kwamba moyo wake ni mweupe. Anayekataa amekiri. Anayekubali naye amekiri, isipokuwa amekiri mbele ya majirani, na wangu walikuwa wameshajipanga nje ya ua. Nilipandwa na hasira, nikataka kulipiga lile bakuli teke. Nikamtazama mwenzangu. Koo lake lilikuwa linapanda na kushuka taratibu. Nikaelewa kwamba alikuwa anaimba. Amesimama pale mbele yangu anaimba, na hakisikiki kitu.

Nikachukua maji, nikayapuliza. Nikasema kwa nguvu ili kila mtu asikie, "Kama ni mimi niliyekushika, nimekuachia. Moyo wangu mweupe."

Na hili sijamwambia mtu. Maji yale yalipotoka, kitu kilitoka nayo. Kidogo, cha baridi, kutoka chini ya mbavu. Nilikisikia kikipita kooni.

Jumapili iliyofuata aliimba zaburi kanisani. Sauti ile ile, imejaa mpaka kwenye bati. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nalia bila aibu. Hakuna aliyemtazama yeye. Waligeuka mmoja mmoja, wakanitazama mimi.

Misa ilipokwisha niliwahi mlangoni kumngoja. Niliwaza tutakumbatiana, tutacheka mpaka tushikane mabega, tutakwenda kwetu tukanywe togwa. Akatoka, akaniona, akasimama. Nikafungua mikono. Yeye akakunja magoti, akainamisha kichwa, na kwa sauti yake nzima, safi, isiyo na mkwaruzo, akasema:

"Shikamoo."

Watu walikuwa wamesimama, wanangoja. Ningefanyaje? Nikaitikia, "Marahaba."