Tulienda kuulizia upasuaji wa kukoroma

Leo nimemwachisha mume wangu kazi, na sikukusudia.

Baba Wanja amekoroma miaka yote ya ndoa yetu. Majirani hapa ughaibuni, mtaa wa Bordesley Green, wanagonga ukuta. Mwishowe akakubali twende hospitali tuulizie upasuaji.

Daktari alimchungulia koo, akatueleza bila haraka. Wanaweza kukata kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na nyama laini ya kaakaa. Wanaweza kuondoa tonsili, au kunyoosha mfupa wa pua. Maumivu ni makali, na hata hivyo kukoroma kunaweza kurudi.

"Nikate tu, daktari," akasema Baba Wanja.

Ndipo daktari akanigeukia mimi. "Akilala, huwa anaacha kupumua?"

Nikasema ukweli. "Ndiyo. Namtikisa mpaka avute pumzi."

"Na mchana anasinzia?"

"Hata chakula kikiwa mdomoni."

Daktari akamtazama. "Unafanya kazi gani, bwana?"

Jamani, ni dereva wa basi.

Habari ya kupasuliwa ikaishia hapo. Kwanza apimwe usingizi, na kuanzia leo asiguse usukani.

Tulirudi kwa basi. Dereva alikuwa mwenzake wa kazini, akamsalimia kwa furaha. Baba Wanja akainamisha kichwa, akaenda kukaa nyuma kabisa.

Tulipofika mlangoni akaniuliza polepole, "Mama Wanja, ungenyamaza ungepoteza nini?"

"Wewe," nikamwambia. "Ningekupoteza wewe."

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Wenzangu mlioolewa, mngemjibu nini yule daktari?